Saa Chache Si Sifa

Nimepata ndege ndogo inayouzwa, Cessna 172 ya mwaka 1974. Injini ina saa 600 tu tangu ovahoo (kufumuliwa na kufanywa upya), imelala bandani miaka tisa. Si kama mpya? (Njiro)

Mara ya nne mwaka huu naulizwa hili, na kila muulizaji ana "tu" yake. Lycoming, watengenezaji wa injini hiyo, wanaipa saa 2,000 au miaka 12 kabla ya ovahoo nyingine, lolote litakalotangulia. Wewe umesoma saa, miaka umeiruka. Injini isiyoruka oili yote hushuka chini. Kamshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu, hukauka, ikafika masika inashika kutu. Ukiiwasha, kutu hiyo inakuwa msasa. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Akate filta ya oili, aikunjue karatasi yake juu ya kitambaa cheupe, apitishe sumaku. Nilishuhudia hivyo Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, ndege iliyolala miaka kisha ikarushwa wiki mbili: sumaku ilitoka na ndevu. Muuzaji akaanza kusifu rangi. Vitabu vya kumbukumbu za ndege navyo viwe kamili tangu kiwandani. Kazi ya kitabu kilichopotea "tulipohama ofisi", hesabu haikufanyika.

172 nzuri ni bei gani? (Sakina)

Lete vitabu kwanza.

Injini ya farasi 150 itatubeba wanne na mizigo kutoka Arusha? (Moshi)

Viti vinne si watu wanne. Kisongo ni futi 4,500 hivi juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 28 hewa ni nyepesi, ndege inaruka kana kwamba iko futi 7,000, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu. Wawili na tangi zilizojaa, sawa. Wanne, tafuta Cessna 182 ya farasi 230, na bado pigeni hesabu ya uzito. Msiijaribie kwenu Moshi mkaridhika. Uwanja wenu uko chini zaidi.

Ndege ina namba za usajili za Kenya, 5Y. Muuzaji anasema niziache. (Usa River)

Anazitaka nani, wewe au yeye? Rejista ya Kenya bado inamtambua yeye. Ifutwe huko, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, waiandike 5H, namba za kwetu. Kabla hujaiona barua ya kufutwa, usimalize malipo.

Wikiendi nipakie watalii wa Serengeti, ijilipie mafuta? (Arusha)

La. Abiria wa kulipa wanataka cheti cha uendeshaji wa biashara, na bima yako binafsi itakuruka siku ya ajali. Kuhusu mafuta, injini hizi zinakunywa avigasi, petroli ya ndege, si Jet A-1, mafuta ya jeti, na Jet A-1 ndiyo iliyozagaa. Mjazaji akichanganya, injini inaweza kuzima umeshapaa. Usimwachie funguo ukaenda kunywa chai. Simama pale bawani uone rangi inayoingia. Avigasi ya 100LL ni ya bluu.