Pingu zilikuwa za kweli, lakini

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama Tibet kabla ya 1959 ilikuwa nchi ya watwana, yaani wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, au nchi ya amani iliyovamiwa na China. Mimi nitajibu lililo jirani yake: kwa nini sisi tulio mbali tunataka iwe moja tu kati ya hayo?

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi Beijing. Ndio mwaka ambao serikali ilianza kuadhimisha tarehe 28 Machi kuwa siku ya ukombozi wa watwana wa Tibet, na darasa letu likapelekwa kwenye maonyesho. Ukumbini palikuwa na pingu, mijeledi na picha za watu waliovaa matambara. Ukipinda kona, unakutana na matrekta na watoto wenye madaftari. Mwenzetu mmoja wa Ulaya alinong'ona kuwa yote ni uongo, Watibet walikuwa watu wa sala tu. Mwingine, wa Afrika Magharibi, akamjibu kwa ukali kwamba sala haimshibishi mtwana. Walibishana kwenye basi, wakabishana bwenini hadi usiku, na katika maneno yote hayo halikutajwa jina la Mtibet hata mmoja wa kawaida. Mimi nilinyamaza, nikiwakumbuka Wajerumani na Waingereza waliotangaza kwamba wanakuja pwani yetu kukomesha biashara ya watumwa: biashara ilikuwapo kweli, na nchi waliichukua kweli.

Kwa hiyo nilikaa kuandika nikikusudia kuilaumu Beijing peke yake, lakini kalamu imenigomea. Ardhi ya Tibet ilikuwa ya serikali ya Lhasa, mji mkuu wake, makabaila na nyumba za watawa kama Drepung na Sera. Mkulima alirithi shamba pamoja na wajibu wa kumlimia bwana na kusafirisha mizigo ya serikali, wala hakuwa huru kuhama apendavyo. Mtibet mmoja, Tashi Tsering, alichukuliwa angali mtoto kwenda kucheza katika kundi la ngoma la Dalai Lama, kiongozi wa dini na wa nchi, kwa sababu kijiji chake kilipaswa kutoa mvulana kama kodi. Ni yeye huyo aliyerudi China kutoka Marekani mwaka 1964 kwa hiari yake, akafungwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, msako wa kisiasa wa enzi ya Mao, kisha akajenga shule vijijini. Upande upi utamdai?

Nikibanwa, nasema utwana ulikuwapo, na anayeukana anawadhulumu walioubeba. Hata hivyo baadhi yao waliweza kumlipa bwana ada ya mwaka wakaishi kwingine, wengine walikuwa na mali, na wapo waliomshtaki bwana wakasikilizwa. Tena, kama ukombozi wa watwana ndio uliolipeleka jeshi la China huko, sioni kwa nini mkataba wa 1951 kati ya Beijing na Lhasa uliahidi kutolazimisha mageuzi, na makabaila wa Lhasa wakabaki na mashamba yao hadi Watibet walipoasi dhidi ya China mwaka 1959.