Maswali na majibu: zulia la fulana kuukuu, rafu ya paleti na makopo yasiyoshika kutu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaoishi chumba kimoja au viwili na wanaotaka nyumba nyepesi, isiyobanwa na vitu. Kipimo chetu katika majibu yote ni kimoja: tengeneza kile ambacho vinginevyo ungelazimika kukinunua. Mapambo ya kukaa tu yakipanguswa vumbi tumeyaacha.

Nimesuka zulia kwa fulana kuukuu, lakini kadiri ninavyoendelea kulishona kingo zinainuka kama bakuli. Nakosea wapi? (Msomaji, Mbagala)

Msuko wa nje ni mfupi mno. Kila mzunguko unahitaji urefu zaidi kuliko ule uliotangulia, na ukishona tundu kwa tundu (tundu ni nafasi iliyo kati ya mapindo ya msuko) hata penye kona, mzunguko wa nje hauna pa kujinyoosha ila kupanda juu. Kwenye pande zilizonyooka shona tundu kwa tundu. Ukifika kona, kila baada ya matundu matatu ruka tundu moja la msuko wa nje, lakini la ndani usiliruke. Zulia likianza kufanya mawimbi badala ya bakuli, ujue umeruka mengi kupita kiasi. Kwa vyovyote, fumua mzunguko huo palepale. Mzunguko unaofuata hautalinyoosha, wala pasi haitasaidia. Na shonea sakafuni au mezani, kwa sababu zulia lililopakatwa mapajani hushonwa likiwa limepinda.

Kwa wanaoanza: zulia la umbo la yai, sentimita 90 kwa 60, hula fulana kubwa 8 hadi 10 za pamba. Kata pindo la chini, kisha kata utepe wa sentimita 4 ukiizunguka fulana bila kuukatisha, mpaka chini ya makwapa. Fulana moja hutoa karibu mita 11. Vuta utepe ili kingo zijiviringe, halafu suka tepe tatu pamoja. Msuko wa kwanza wa katikati, ule ulionyooka, uwe na urefu sawa na urefu wa zulia ukitoa upana wake: 90 toa 60, yaani sentimita 30. Watu wengi huanza na kipande chochote, na zulia linaishia kuwa refu jembamba au karibu duara.

Tumia shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa nailoni. Pitisha sindano kati ya mapindo ya msuko bila kutoboa kitambaa, uzi ujifiche. Aliyewahi kuunga ukili wa mkeka anaijua kazi hii tayari. Jezi za poliyesta ziache: haziviringi, zinateleza na hazinyonyi maji. Fulana nyekundu na nyeusi zisugue kwanza kwa kitambaa cheupe chenye maji, na kama rangi inatoka, usizichanganye na nyeupe. Sakafu ikiwa ya vigae, shonea chini vipande vya tyubu ya baiskeli ili zulia lisimwangushe mtu.

Khanga moja itanipa foronya ngapi za mito ya kochi? Sina fedha ya zipu. (Msomaji, Tanga)

Tatu, kwa mito ya sentimita 40 kwa 40, na zipu huihitaji. Khanga kwa kawaida ina kama sentimita 150 kwa 110. Pima kwanza, maana iliyofuliwa mara nyingi huwa imepungua. Kata vipande vitatu vya upana wa 42 na urefu wa 100, ukikata kufuata ule upande mfupi. Kila ncha fupi ikunje mara mbili, sentimita moja kila mkunjo, uishone. Utabaki na urefu wa 96: 40 za mbele, 40 za nyuma, na 16 za kupishana. Kunja upande wa nje ukiwa ndani, shona pande mbili ukiacha sentimita moja, kisha geuza. Kupishana kukiwa chini ya 10, mto utachungulia nyuma kila ukiegemewa.

Jina la khanga litakatika vipande vitatu, kwa hiyo chagua khanga ambayo jina lake hulionei uchungu.

Cha kujazia: nguo zilizokwisha, zikatwe vipande vya sentimita 3 hadi 5. Ukizitia nzima zitafanya mabonge. Huko Tanga sufi nayo ni nzuri na nyepesi, ila inashika moto upesi mno, hivyo mito ya sufi isikae karibu na mshumaa wala kibatari.

Naona watu wanafuma vikapu kwa mifuko ya plastiki. Nitaipata wapi? (Msomaji, Nakuru)

Usiitafute. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Chukua kiroba cha unga au cha mchele cha kilo 25, ukunje mdomo wake nje mara mbili, sentimita 10 kila mkunjo, ushone kwa uzi wa nailoni: umepata kapu la nguo chafu linalosimama lenyewe. Kiweke mbali na jua. Jua hukikausha kikaanza kumeguka unga mweupe, na hapo hakifai tena.

Mwenye nyumba hataki misumari ukutani. Nataka rafu ya mbao za paleti, yale majukwaa ya kupangia mizigo. (Msomaji, Mombasa)

Basi rafu isiguse ukuta kabisa: matofali na mbao. Mbao tatu za urefu wa sentimita 80, na tofali chini ya kila ncha. Mbao za paleti zina unene wa kama sentimita 2, na zikizidi urefu huo zitabonyea kwa uzito wa vitabu. Usipandishe zaidi ya sentimita 60 kama kuna watoto.

Kabla ya kununua paleti, tafuta muhuri wake. HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, na hiyo inafaa. MB ni methili bromidi, dawa ya sumu. Iache hata ukipewa bure. Iache pia yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa.

Kosa kubwa ni kuibandua mbao kwa mtaimbo. Misumari ya paleti imesokotwa, inang'ang'ania, na mbao hupasuka kwenye ncha. Ingiza msumeno wa kukatia chuma kati ya mbao na gogo, ukate msumari wenyewe. Piga msasa namba 80, kisha 120, na uache rangi ya mbao ilivyo.

Kukata chupa kwa uzi na mafuta ya taa kunafaa? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Joto halisambai sawasawa, ufa unakwenda unakotaka, na moto uko mkononi mwako. Tumia chupa nzima. Loweka saa moja katika maji ya moto yenye vijiko viwili vya magadi, ubandue karatasi, kisha gundi iliyobaki uipake mafuta ya kula dakika 10 na uoshe kwa sabuni.

Mabakuli yangu ya karatasi yanaota ukungu. (Msomaji, Unguja)

Umebandika tabaka nyingi kwa mara moja, juu pakakauka na ndani pakabaki na maji. Tabaka tatu tu, kisha subiri saa 24, au siku mbili hivi wakati wa masika. Uji wa gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano ukikoroge kwa kikombe cha maji baridi, mimina juu yake vikombe vinne vya maji yanayochemka, upike dakika tatu, utie kijiko cha chumvi kuzuia ukungu. Chana gazeti kwa mkono, usilikate kwa mkasi, maana ukingo uliochanika hulala vizuri. Maliza kwa vanishi mara mbili, na chini pia, mahali ambapo wengi husahau.

Makopo ya maua yanapata kutu baada ya muda mfupi. Na je, yanaleta mbu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kutu huanzia palipokatwa na palipotobolewa, kwa sababu bati limetoka hapo na chuma kiko wazi. Jaza kopo mchanga wenye maji ulioshindiliwa, ligeuze, toboa matundu matano kwa msumari; mchanga huzuia lisibonyee. Piga msasa kingo na matundu, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Makopo ya dawa za wadudu yasitumike kwa lolote.

Mbu, ndiyo. Wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana katika vyombo vidogo kama kisahani cha chini ya ua, na katika joto yai huwa mbu kamili kwa takribani siku 7 hadi 10. Mwaga maji ya kisahani kila wiki na usugue kuta zake kwa brashi, kwani mayai hugandia juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yarudi. Au jaza kisahani mchanga mpaka mdomoni.