Kabla ya Kununua Gemu au Kitabu Kwenye Duka la Nje, Amua Akaunti Yako ni ya Nchi Gani

Nina kibanda cha pleistesheni hapa Kondele, Kisumu, na siku hizi nusu ya kazi yangu ni kulipia watu vitu vya mtandaoni. Huyu anataka gemu, yule kitabu cha kozi yake pale Maseno, mwingine programu ya kuhariri video za harusi. Wengi huja wakiwa wameshakwama, na pesa wanazo. Kinachowakwamisha ni nchi ya akaunti.

Mwenye kitabu au filamu huuza haki zake kwa mafungu: kampuni hii iuze Marekani na Kanada, ile iuze Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola. Ndiyo maana binamu yako aliye Texas anakiona kitabu fulani na wewe unaambiwa hakipatikani. Nchi uliyojaza siku ya kufungua akaunti ndiyo inayoamua utaona nini, kwa bei gani, na kadi ipi itakubaliwa.

Kwa upande wa gemu mambo ni magumu zaidi. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, kwa hivyo vijana wetu hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kuifungua ni dakika chache, lakini ukishachagua nchi huwezi kuibadilisha tena. Kijana mmoja alikuja na vocha ya dola 50, ameijaza mara kadhaa, skrini inakataa. "Omera, hii vocha ni feki ama?" Vocha ilikuwa halali kabisa. Ilikuwa ya Marekani, na akaunti yake ni ya Uingereza, ambako vocha lazima iwe ya pauni. Hakuna mtu wa kumpigia simu akusaidie hapo. Tuliishia kumtafutia mtu mwenye akaunti ya Marekani aichukue kwa bei ya hasara.

Google Play ina nafuu, kwa sababu inaitambua Kenya, inaonyesha bei kwa shilingi na unalipa kwa M-Pesa. Hata hivyo, nchi ya akaunti hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka, na salio la nchi ya kwanza halikufuati kwenda ya pili. Apple nao wanataka umalize salio lote na ufute usajili wa kila mwezi kwanza. Ushauri wangu: kama duka linaikubali Kenya, baki Kenya. Mambo ya kutumia VPN ili ujifanye uko nchi yenye bei ya chini mimi siyafanyii mteja. Steam, duka la gemu za kompyuta, kwa mfano, wamekataza jambo hilo waziwazi, na akaunti ikifungwa inaondoka na kila gemu ulilowahi kulipia.

Kuhusu kulipa, huhitaji akaunti ya benki. Tangu 2022 Safaricom na Visa wana kadi ya M-Pesa GlobalPay, ambayo unaifungua kwenye simu yako mwenyewe. Namba tatu za usalama za kadi hiyo hudumu dakika 30 tu, kwa hivyo usizitafute mapema ukaanza kuzurura dukani. Jaza kila kitu, kisha uziitishe mwishoni. Pale wanapodai namba ya posta, andika ya kwako halisi: Kisumu mjini ni 40100, Nakuru ni 20100. Na usipige hesabu ya dola kwa kichwa. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Kuna pia VAT ya asilimia 16, ambayo maduka mengine huiongeza ukurasa wa mwisho kabisa. Acha salio la ziada kwenye M-Pesa, la sivyo malipo yatagoma kwa upungufu wa shilingi arobaini.

Vocha za nusu bei zinazouzwa Telegram ziache. Nyingi hununuliwa kwa kadi za wizi, na mwenye kadi akilalamika, duka linakunyang'anya gemu wewe uliye Nyalenda.

Halafu kuna jambo ambalo wateja wangu hawapendi kulisikia: mara nyingi ulichonunua hakiwi chako, unapewa ruhusa ya kukitumia tu, na ruhusa hiyo huweza kuondolewa. Mwaka 2009 Amazon walifuta nakala za riwaya ya *1984* kutoka kwa Kindle, yaani vifaa vyao vya kusomea vitabu, za watu waliokuwa wameshailipia, kwa kuwa aliyeiuza hakuwa na haki, ingawa pesa walirudisha. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019, vitabu viliacha kufunguka, pesa zikarudishwa pia. Kwa hivyo kitu cha kukaa nacho miaka, kama kitabu cha taaluma au muziki unaoupenda, kitafute kwanza kwa muuzaji anayekukabidhi faili lenyewe. GOG hufanya hivyo kwa gemu za kompyuta, Bandcamp kwa muziki. Ukishapakua, weka nakala kwenye diski ya nje siku hiyohiyo. Gemu ya kucheza likizo moja kisha uichoke, nunua popote.

Na ukinunua ukajuta, kimbia. Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa umecheza chini ya saa mbili. Google Play kwa kawaida ni saa 48. Risiti huja kwa baruapepe, na bila namba ya oda iliyo ndani yake mazungumzo na duka hayaanzi vizuri. Kwa hiyo fungua akaunti kwa baruapepe unayoisoma kweli, usitumie ile ya shemeji aliyekununulia simu.