Ile picha ya rangi rangi baada ya kiharusi: maswali yenu

Mzee alipigwa siti skani, dakika chache mbele wakampiga tena "picha ya mtiririko". Ya kwanza iliharibika?

Hapana. Ile ya kwanza kazi yake kubwa ni kuangalia kama damu imevuja ndani ya kichwa, maana ikiwa imevuja huwezi kumpa dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa, utammaliza. Ya pili ndo perfusheni. Wanamchoma mkononi dawa ya kontrasti, ile inayofanya damu ionekane kwenye picha, halafu mashine inapiga kichwa kilekile tena na tena kwa kama dakika moja hivi, inaangalia dawa inafika lini kila kona ya ubongo.

Mama ana figo mbovu, hiyo kontrasti si itazimaliza?

Waambie kabla, pamoja na kama ana aleji. Mara nyingi lakini hawasubiri majibu ya figo, ubongo ndo unaokufa kwa dakika.

Tumeambiwa kiini mililita 20, eneo lililochelewa mililita 110. Ndo nini? Na ile waridi na kijani?

Hapa ndo penyewe. Kwenye programu nyingi waridi ni kiini, yaani pale damu imeshuka chini ya asilimia 30 ya ile inayotakiwa, hapo wanahesabu pameshakufa. Kijani ni pale dawa imechelewa zaidi ya sekunde 6. Sasa toa 20 kwenye 110, unabaki na 90, hizo ndo wanaita penumbra: seli zina njaa, zimeacha kazi, ila bado ziko hai, kama taa ambayo umeme umepungua haiwaki lakini glopu haijaungua. Na cha ajabu ni kwamba ukimtazama mgonjwa kitandani huwezi kujua, yule aliyekufa 20 na kulala 90 na yule aliyekufa zote 110 wanaweza kuwa sawasawa kabisa, mkono haunyanyuki, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Picha ndo inawatenganisha.

Kwa hiyo picha ikiwa nzuri atatembea?

Hili naulizwa sana na jibu langu huwa linawaudhi watu. Picha haikwambii atapona, inakwambia bado kipo cha kuokoa, na mshipa usipofunguliwa ile kijani inageuka waridi pole pole mbele ya macho yenu. Kuna utafiti unaitwa DEFUSE 3, wa 2018, wagonjwa 182 waliokuwa na masaa 6 mpaka 16 tangu waonekane wazima, na wote picha zao zilikuwa za matumaini, kiini chini ya mililita 70. Waliovutwa bonge kwa waya, asilimia 45 walikuwa wanajitegemea baada ya siku 90, waliopewa dawa tu ni asilimia 17. Picha za aina moja, mwisho tofauti! Tena hata kwa waliovutwa, zaidi ya nusu hawakufika hapo, kwa sababu kuna umri, kuna hali ya mtu kabla ya kuugua, kuna nimonia ya wodini, kuna mazoezi, na kuna kiini kimekaa wapi, maana mililita chache kwenye njia ya mguu zinaweza kumlaza mtu kuliko nyingi zilizokaa pengine.

Sisi tuliambiwa kiini ni kikubwa sana, tujiandae tu.

Poleni. Zamani ilikuwa hivyo kweli, kiini kikubwa hawakugusi. Lakini 2023 utafiti wa SELECT2 ulichukua hao hao wenye kiini kikubwa, waliovutwa bonge kama asilimia 20 walijitegemea na wasiovutwa asilimia 7. Ni wachache, sikudanganyi, ila si sifuri. Na kuna hili pia, picha ikipigwa mapema mno, ndani ya saa moja mbili za mwanzo, wakati mwingine inakuza kiini, unaambiwa pamekufa kumbe mshipa ukifunguliwa haraka panaamka. Muulizeni daktari mshipa ulifunguka au la, na saa ngapi.

Yangu ilitoka safi kabisa na mkono umelegea, wananiona naigiza?

Huigizi. Kiharusi kidogo cha mishipa myembamba ya ndani kabisa perfusheni huwa inakipita tu. Waombe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukinasa.