Kabla ya vishikio vya fimbo, shughulikia mdomo wa pampu

Mkuu, umesema umenunua pikipiki ya maji iliyotumika, ya watu watatu, unataka kuifunga vifaa vya kuvulia sangara hapa Mwanza, na unauliza uanze na vishikio gani vya fimbo na sonari ipi, yaani kifaa cha kuonyesha kina na samaki. Mimi navua na chombo cha aina hiyo mwaka wa nne sasa, nashukia upande wa Luchelele. Kama pesa zako ni za mafungu, fungu la kwanza lisiende kwenye fimbo.

Chombo hiki hakina panga la nje kama mashine ya mtumbwi. Pampu inavuta maji kupitia tundu lililoko chini ya tumbo, inayasukuma nyuma. Chochote kinachoelea kinaingia humo, na ghuba yetu unaijua: magugu maji, mifuko, vipande vya nyavu kuukuu. Siku moja alfajiri nilikatiza kwenye magugu badala ya kuzunguka. Mlio wa injini ukapanda ghafla, chombo kimesimama palepale. Nilipopeleka mkono chini nikakuta kamba ya nyavu imejisokota kwenye shafti, imekaza kama waya. Sina kisu, sina kafi. Upepo ulinisukuma kwa karibu saa mbili, mpaka wavuvi wa dagaa waliokuwa wanarudi mwaloni wakanifunga kamba wakanivuta. Hawakutaka hata shilingi.

Tangu siku ile kisu kifupi kimefungwa kwenye jaketi langu la kujiokolea na kafi fupi iko pembeni ya kiti. Ukiona mlio unapanda na mwendo haupo, zima hapohapo. Usikazane na mafuta ukidhani uchafu utatoka, kwa sababu kwenye mashine nyingi maji ya pampu hiyohiyo ndiyo yanayopoza ekzosi. Na mkono usiguse tundu kabla hujachomoa kamba ya kuzimia injini.

Jambo la pili ni uzito wa nyuma. Sea-Doo, watengenezaji wa pikipiki za maji, walipotoa FishPro, ile yao ya kuvulia, ya mwaka 2019, waliirefusha nyuma ndipo wakaweka deli la lita 51. Yako haijarefushwa. Ukiipa deli kubwa lililojaa barafu na samaki, mkia unazama, pua inaangalia juu, na wimbi la pembeni linakusumbua. Mimi natumia deli la lita 25, limekaa kwenye fremu ya steinilesi niliyochomelewa na fundi, limebanwa kwa mikanda ya racheti. Fremu imeshikwa kwenye pete zilizokuja na chombo; sikutoboa bodi. Vishikio ni bomba za PVC za inchi mbili zilizofungwa kwenye fremu, zimelala kidogo kwa nyuma. Kabla fundi hajakaza, panda na kushuka mara kadhaa. Zangu za kwanza zilikaa pale mguu unapopita, ikabidi zing'olewe.

Sonari yoyote ndogo inatosha. Kihisio chake unaweza kukigundisha ndani ya bodi kwa epoksi, ilimradi kusiwe na kiputo hata kimoja cha hewa. Jaribu kwanza: kitie kwenye mfuko wenye maji, ukilaze pale unapotaka kukigundisha, uone kama kioo kinasoma kina. Ipe betri yake ndogo ya volti 12, yenye fyuzi. Ukiitegemea ile ya kuwashia, utaelea unavua asubuhi nzima halafu injini isiwake.

Nanga yetu hapa inakwama kwenye mawe. Funga kamba kuu kichwani mwa nanga, upande wa makucha, kisha ipitishe kwenye pete ya juu na kuibana hapo kwa uzi mwembamba. Ikikwama, vuta kwa nguvu: uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Ishushie mbele, kamwe si nyuma.

Petroli gawa mara tatu: theluthi ya kwenda, ya kurudi, ya dharura. Ukishajaza, fungua kiti, acha mvuke utoke ndipo uwashe. Toka alfajiri, mchana upepo wa ziwani ukiamka, kurudi ni kazi. Leseni ya uvuvi ulizia kwa maofisa uvuvi, na karibu na Saanane usivue, ni hifadhi ya taifa.

Sangara akija ubavuni, mwache achoke kwanza. Miguu yako ikae pande zote mbili, usimwinamie, na vaa glovu kwa sababu mfuniko wa matamvua yake unakata. Aliye chini ya sentimita 50 mrudishe.

Halafu kabla ya safari ya kwanza, kipindue chombo makusudi karibu na ufuko, deli na fremu zikiwa juu yake, ujifunze kukigeuza. Nyuma kuna stika inayoonyesha upande wa kukizungushia. Jumamosi asubuhi huwa nipo Luchelele. Kilete, tukipindue wote wawili.