Nani anatumia, na mwezi wa ngapi?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Goti la mamako limepungua uvimbe na nduguyo bado anaahidi kutengeneza lile bomba la uani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikamsikilizisha mamako. Unasema mwenzako wa kazini hapo Leicester, Uingereza, Mgujarati, amekuletea samli, kopo la unga wa mzizi wa shatavari, na karatasi yenye utaratibu wa mwezi kwa mwezi wa Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi, kwa kuwa umeingia mwezi wa nne wa mimba. Ukaniuliza, "Baba, wewe ulikuwa kwa Mhindi wa dawa. Hizi dawa za mimba zafanya kazi kweli?"

Mimi nilikuwa mtwangaji, si mganga. Lakini kabla ya kuingia bandarini nilikaa kwa Vaidya, ndivyo wanavyomwita tabibu wa Ayurveda, muda wa kutosha kuona kinachoingia na kinachotoka pale dukani, nyuma ya Marikiti, na jambo la kwanza nitakalokwambia ni hili: dawa za mimba sikumwona akiziuza. Mja mzito hulishwa, hatibiwi. Mmenisikia nikilisema hilo tangu mko wadogo, mkadhani ni langu. Ni lake.

Akija mteja, hata awe tajiri wa gari mlangoni, Vaidya hakugusa mizani kabla ya kuuliza maswali mawili. Nani anatumia? Ikiwa ni mwanamke wa umri wa kuzaa, la pili: ana mimba, na kama anayo, ni ya mwezi wa ngapi? Mteja akijibu kwamba ipo, mtungi ulirudi rafuni. Sanamaki hampi, shubiri hampi, mafuta ya mbarika hampi, uwatu wa kuchemsha kwa wingi hampi. Mimi niko nyuma na kinu cha chuma, mikono inanuka mvuje hadi kwenye viwiko, nawaona watu wakitoka wamekasirika, na mzee amewauzia tende na kuwaambia wanunue maziwa. Biashara mbaya ile, ukitazama kwa jicho la pesa.

Hiyo karatasi ya mwenzako naijua, maana Vaidya alikuwa akiisoma kutoka kwenye kitabu chenyewe, Charaka, kilichoandikwa karibu miaka elfu mbili iliyopita. Mwezi wa kwanza maziwa matupu. Wa pili maziwa yaliyochemshwa na mizizi mitamu. Wa tatu maziwa, asali na samli. Wa nne, huo wako, siagi iliyotolewa kwenye maziwa. Wa tano samli. Wa sita na wa saba samli iliyopikwa na ile mizizi mitamu. Wa nane uji wa mchele wa maziwa na samli. Ya mwezi wa tisa nayaacha, hayo si ya baba kumwandikia binti yake, ila ukiona pametajwa mafuta ya kuingizwa mwilini, usifanye nyumbani na usimruhusu mtu akufanyie.

Uione mwenyewe, karibu yote ni chakula, na chakula laini cha mtu ambaye tumbo linamsumbua. Kitabu hicho hicho kinasema mwenye mimba achukuliwe kama chombo kilichojaa mafuta hadi ukingoni: ukikibeba hukimbii, hutikisi, na wanaokupita njiani wanakupisha. Vaidya akifika hapo alikuwa akiinua kikombe chake cha chai kilichojaa na kutembea nacho kutoka kaunta mpaka mlangoni, polepole, bila kumwaga, kuwaonyesha waume. Waume, si wake zao. Mafunzo ya mimba aliyatoa kwa wanaume waliokuja kununua. Aliwaambia wasiwafokee, wasiwape habari za misiba usiku, wasiwaache wabebe maji.

Sasa kuna upande wa pili wa dawa hizo, na huu sikuachi bila kukwambia wazi. Ipo Ayurveda ya jikoni, na ipo ile ya madini: zebaki, risasi na vinginevyo, huchomwa na kusagwa mpaka viwe majivu laini, vikauzwa kama vidonge na unga. Vaidya alikuwa na chupa zake chache kabatini, na kwa mja mzito kabati hilo halikufunguliwa. Wengine hawana adabu hiyo. Huko New York, mwaka 2011 na 2012, walipatikana wajawazito sita wenye sumu ya risasi kwenye damu, nao wote walikuwa wakinywa dawa za Ayurveda zilizotengenezwa India, nyingine zikiuzwa mahsusi kwa ajili ya ujauzito. Risasi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto na kugusa ubongo wake. Kidonge chochote au unga wowote wa namna hiyo, hata ukiletewa na mtu mwenye moyo mweupe, usiutie kinywani. Hapo sina la kuzunguka.

Lakini uliniuliza kama zafanya kazi, na kila nikitaka kujibu namwona mamako amekaa kwenye benchi la kliniki.

Hadithi hii yeye huipunguza kila akiisimulia. Mimi sitaipunguza. Ilikuwa mimba yako. Nilikuwa nimeshahamia bandarini, na mamako alikuwa ameanza kula udongo, ule wa vipande vya kijivu wanaouza Marikiti. Aliufunga kwenye pindo la leso ili bibi yako asiuone. Nami sikujua. Nilichoona ni kwamba anachoka akipanda ngazi za kwa shangazi yako, na midomo imekuwa na rangi ya karatasi. Nikampeleka kwa Vaidya, tayari mzee kabisa, mkono unatetemeka.

Mapigo hakuyashika. Alimwambia mamako avute kope ya chini ya jicho mwenyewe, akaangalia ndani, kisha akaomba kuona kucha. Akanyamaza kidogo. Halafu kwa Kiswahili chake kile, akamuuliza, "Mama, udongo unakula tangu lini?" Mamako akaficha uso kwa buibui. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Baadaye alinieleza kwamba kitabu chake kinahesabu aina tano za ugonjwa wa kupauka, wa kupungukiwa na damu, na aina ya tano ni ya mla udongo. Watu wale waliliona hilo bila darubini wala maabara, kwa macho tu na kwa kuuliza. Nikilikumbuka bado nafurahi, na naona fahari kana kwamba nililigundua mimi.

Wakati huo huo vitabu vyao vinasema mwezi wa nne mwanamke ana mioyo miwili, wake na wa mtoto, na anachokitamani asinyimwe. Nikamuuliza: sasa mbona mke wangu unamkataza udongo? Akasema apewe kila analolitamani, isipokuwa linalomdhuru. Basi.

Hakutupa dawa. Alitupa tende, akachukua karatasi ya kufungia, akaandika kwa kalamu yake ya wino kwamba mama huyu anakula udongo, damu yake ipimwe leo. Leo, akapiga mstari chini yake.

Tukaenda kliniki, sitaitaja. Muuguzi akaipokea karatasi, akaisoma kwa sauti mbele ya mabenchi yote, udongo na yote, kisha akauliza tangu lini wagonjwa wanaandikiwa na Mhindi wa majani. Wanawake wakacheka. Mamako, na tumbo lake, akasimama akatoka, nami nikamfuata nimebeba kifurushi cha tende. Hakuchomwa sindano ya kupima siku ile, wala wiki ile, wala iliyofuata. Kila nikimwambia twende alikuwa na nguo za kufua.

Nimejiambia mara nyingi labda yule muuguzi alikuwa yuko kwa miguu tangu alfajiri. Foleni ilifika nje. Labda alishaona watoto walioharibiwa na majani ya watu wasiojua, na akatuweka kwenye kapu hilo. Yawezekana kabisa. Kisha najiambia, uchovu haumpi mtu ruhusa ya kusoma siri ya mwanamke mbele ya mabenchi. Hapo ndipo ninapokwama, na nimekwama hapo umri wako wote.

Bibi yako ndiye aliyemchukua mwishowe, akampeleka hospitali nyingine. Damu ikakutwa 7 na kitu, na kwa mja mzito haitakiwi kushuka chini ya 11. Wakampa vidonge vya chuma, choo kikawa cheusi, akalalamika, akavimeza. Kucha zikarudi rangi. Nawe ulipozaliwa damu ilitoka nyingi, na yule daktari na sindano yake ya kukaza kizazi walifanya kazi ambayo Vaidya, na vitabu vyake vyote, asingeiweza. Mamako husema ingemkuta na ile damu ya 7, leo usingekuwa na wa kumuuliza lolote.

Kwa hiyo mja mzito hulishwa, hatibiwi? Mamako hunikatiza hapo. "Mimi nilitibiwa," hunambia, "na tende zile nilizila mwisho." Kweli. Tende hazikuinua damu, vidonge viliinua. Lakini nani aliyejua kwamba vidonge vinatakiwa? Mzee aliyekataa kuuza. Nami narudi pale pale: hulishwa kwanza, huangaliwa kila siku, na anayemwangalia awe anajua mpaka wake ulipo. Vaidya alijua mpaka wake. Hiyo ndiyo dawa niliyoiona kwake.

Mengine kwenye karatasi ya mwenzako hayana ubaya wowote. Kusikiliza maneno mazuri, nyimbo zao za dini, kukaa na watu wapole. Wana kisa cha Abhimanyu aliyejifunza vita akiwa tumboni kwa kumsikia baba yake akisimulia. Huku wanawake wetu husoma Surat Maryam kwa nia ya uzazi mwepesi, nawe mamako alikusomea. Mtoto huanza kusikia sauti karibu na mwezi wa sita, basi anza mapema uzoee. Na ukifika wa saba, wakitaka kukujaza nazi na mchele kwenye upande wa nguo kama wafanyavyo Wagujarati, waache. Niliwahi kuzibeba nazi hizo siku ya mkaza mwana wa Vaidya. Mabibi wazima wameshikana mikono kumzunguka binti mmoja, na yeye kichwa hakiinui kwa haya, huku mama mkwe wake anamlisha kitamutamu kwa vidole vyake mwenyewe. Sijaona mja mzito aliyeheshimiwa vile, hata kwetu tunaojisifu.

Wao pia mtoto wa kwanza huzaliwa upande wa mama mzazi, na baada ya hapo binti hukaa mwezi na robo hafanyi kazi, analishwa methi, yaani uwatu, na samli na gundi ya mti ya kula iliyokaangwa. Sisi tuna arobaini yetu, maji moto, uji wa pilipili manga na supu. Mamako ameshaanza kuuliza habari za viza. Hajaniambia mimi, amemwambia nduguyo, basi wewe jifanye hujui.

Turudi kwenye lile kopo. Shatavari ni mzizi wa mmea wa jamii ya asparaga, na wanawake wa India wameunywa tangu zamani, hasa wanaonyonyesha. Niliutwanga mwenyewe, ni mweupe na una utamu kwa mbali. Utafiti wake kwa wajawazito ni mdogo mno, na kopo la kiwandani huwezi kujua nini kingine kimo. Ninayo rai yangu, na inaniwasha ulimi. Lakini mimba ni yako, na umri wa kuamriwa na baba umeupita. Siagi kula, maziwa yaliyochemshwa kunywa. Kopo lifungue mbele ya mkunga wako, umsomee lebo yote, nawe umuulize yeye. Na zile tembe za foliki walizokupa, kama umeziacha kabla ya wiki ya 12 kwa sababu ya karatasi hii, nambie, nijue nalala vipi. Nimesema sitaamua, na sijaamua.

Mamako amesoma mpaka hapa juu ya bega langu na ana swali lake, anataka ulijibu wewe, si mumeo. Ulisema kwenye simu unahema ukipanda ngazi za ofisini. Je, unakula udongo? Huko Uingereza pia unauzwa kwenye maduka ya Waafrika na Waasia, na mamlaka zao zimeshawaonya wajawazito kwamba una risasi. Kama unaula, hatutakusema. Watakupima damu tena wiki ya 28, lakini usingoje mpaka hapo, piga simu kliniki kesho asubuhi uwaambie jinsi ulivyonena nasi. Na akitokea mtu kukucheka, nitajie jina lake.

Babako