Ofisi ya mikopo ianze na masikio

Siku hizi ofisi nyingi za fedha zinazokarabatiwa Dar es Salaam zinataka sura moja: ukumbi wazi, vyumba vya kioo kutoka sakafuni hadi darini, taa za kuning'inia, ukuta mmoja wenye rangi ya nembo. Mtindo huo naupenda, na nimeufanyia kazi kwenye ofisi za SACCOS na za mikopo midogo. Lakini kama wewe ni meneja au mjumbe wa bodi na unajiandaa kuonana na mbunifu, nakusihi uanze na swali hili: mteja anapomweleza afisa mikopo kwa nini marejesho yamekwama, nani mwingine anasikia?

Mama mwenye genge hatasema mtaji umeishia hospitalini ikiwa jirani yake amekaa kwenye benchi nyuma yake. Atasema atalipa mwezi ujao, ataaga. Afisa atabaki bila taarifa aliyoihitaji kuupanga upya mkopo ule. Tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ila kwangu mimi hoja inaanzia kwenye heshima ya mtu.

Kioo si adui. Sauti hupenya kwenye mianya, na mwanya mkubwa kuliko yote hauonekani: fundi akiukomesha ukuta wa chumba kwenye dari ya jipsamu, maneno hupanda, hupita juu ya dari na kushukia chumba cha pili. Kwa hiyo kizigeu, yaani ukuta huo wa kugawa vyumba, kiendelee mpaka kwenye zege la juu, na sehemu iliyofichwa na dari ijengwe kwa bodi za jipsamu pande zote mbili, katikati pamba nzito ya kuzuia sauti. Mlango wa kuteleza hupendeza kwenye picha lakini huacha upenyo pembeni. Chukua wa bawaba, wenye mpira wa kuziba hadi chini. Vigae vitupu navyo huufanya ukumbi uvume. Weka zulia pale watu wanaposubiri.

Stika ya ukungu ibandikwe kwenye kioo kufunika usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Chini pabaki wazi, ili ijulikane chumba kina watu.

Kuhusu mwanga, jua letu hupiga zaidi mashariki na magharibi, basi kompyuta ziwekwe dirisha likiwa ubavuni mwa mfanyakazi. Kaunta nashauri iwe ya mbao, mninga ukiweza, na mafundi wa Keko wanaijua kazi hiyo. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, ikishapata maji ya deki huvimba miguuni, na ofisi ya fedha yenye kaunta iliyovimba haimpi mtu imani ya kuacha akiba yake.

Kabla ya kupokea kazi, zimeni viyoyozi. Mtu mmoja aingie chumbani, afunge mlango, asome gazeti kwa sauti ya mazungumzo. Mwingine akae kwenye benchi la wateja. Akisikia mvumo tu, pokea. Akiweza kurudia hata tarakimu moja, fundi arudi kutafuta mwanya. Jaribio hili liandikwe kwenye mkataba, na malipo ya mwisho yalisubiri. Bajeti ikibana, punguza marumaru ya mapokezi, kizigeu usikiguse.